Ukistaafu utaishi kwa shilingi ngapi? Hesabu ya akiba, hatua kwa hatua

Swali la akiba ya uzeeni huulizwa mara nyingi kwa asilimia: niweke asilimia ngapi ya mshahara? Majibu yanayozunguka ni 10, 15, wengine husema 20. Hayamsaidii mtu, kwa sababu mshahara wa leo hausemi lolote kuhusu gharama ya kuishi ukiwa na miaka 70. Wafanyakazi wawili wanaolipwa sawa wanaweza kuwa mmoja ana nyumba yake Kibaha na wanawe wamemaliza shule, mwingine amepanga Sinza na kitinda mimba wake yuko darasa la pili. Ukiwapa asilimia ileile, mmoja atajinyima bure na mwingine ataishiwa.

Hesabu ya kuaminika huanzia mwisho. Unatafuta kwanza matumizi ya mwezi ya nyumba yako ya uzeeni. Unatoa pensheni. Pengo linalobaki unaligeuza kuwa mtaji, na mtaji huo unaugeuza kuwa kiasi cha kuweka kila mwezi kuanzia sasa. Mwenye kalamu na kikokotoo cha simu anaimaliza kwa jioni moja, na kazi kubwa iko kwenye hatua ya kwanza.

Tutafuata mfano mmoja. Mfanyakazi wa kampuni binafsi Tanzania, mwanachama wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), ana miaka 35 na mshahara wa shilingi 1,200,000 kabla ya makato. NSSF inachukua asilimia 10 kutoka kwake, yaani 120,000, na mwajiri anaongeza asilimia 10 nyingine. Kodi ya mapato kwenye 1,080,000 iliyobaki ni 152,000. Mkononi anapokea 928,000. Anatarajia kustaafu akiwa na miaka 60.

Jambo moja la kushika kabla ya kuendelea: namba zote hapa ni za thamani ya leo. Tukisema mzee atahitaji 750,000 kwa mwezi, tunamaanisha vitu ambavyo leo vinanunuliwa kwa 750,000, hata kama mwaka huo vitauzwa milioni mbili. Ukichanganya shilingi za leo na shilingi za miaka 25 ijayo kwenye karatasi moja, utapata mamilioni yanayotisha au yanayofariji bila sababu.

Matumizi ya mzee

Kuna kanuni inayosema mstaafu anahitaji asilimia 70 ya mshahara wake wa mwisho. Imetoka katika nchi ambako mfanyakazi humaliza mkopo wa nyumba karibu na kustaafu na kodi ya mshahara humwondokea. Hapa kwetu vitu vinavyopungua ni vingine na vinavyoongezeka ni vingine, kwa hiyo orodhesha mwenyewe. Chukua miezi mitatu ya matumizi halisi, kwenye miamala ya simu na taarifa ya benki, kisha pitia kila mstari ukijiuliza kama utabaki.

Nauli au mafuta ya kwenda kazini yataisha. Ada za shule zitaisha, lakini usikubali hilo kabla ya kupiga hesabu ya umri wa mtoto wa mwisho. Aliyezaliwa ukiwa na miaka 42 atakuwa na 18 siku unapofika 60, maana yake chuo kitadai ada wakati mshahara umekatika. Gharama hiyo isichanganywe na matumizi ya mwezi. Iandike peke yake kama fungu lenye mwaka wake, na liwekewe akiba yake.

Chakula kinapungua kidogo kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu nyumba ya mzee haikosi wajukuu. Umeme na maji vinapanda kwa kuwa mtu yuko nyumbani mchana kutwa. Anaongezeka msaidizi wa kazi. Zinaongezeka dawa za kila mwezi, na wenye presha au sukari wanajua dawa hizo hazina likizo. Michango ya harusi na misiba haistaafu, na mzee ndiye anayetazamwa kwanza. Halafu kuna matumizi yasiyokuja kila mwezi: bati la kubadilisha, miwani, jokofu, safari ya kwenda kuzika mkoani. Yajumlishe kwa mwaka, gawanya kwa 12, ongeza. Hapa ndipo orodha nyingi hupungukiwa.

Bima ya afya inastahili mstari wake peke yake. Muulize mwajiri na mfuko wa bima, kwa maandishi, ni nani atakayebaki kwenye kadi baada ya ajira kukoma: wewe tu, wewe na mwenza, au hakuna. Mstaafu asiye na bima hujilipia matibabu kutoka kwenye akiba, na upasuaji mmoja unaweza kuondoka na miaka ya akiba hiyo.

Mfanyakazi wetu, baada ya kupitia yote hayo na kudhani kwamba atakuwa na nyumba yake isiyo na deni, anafika 750,000 kwa mwezi, sawa na milioni 9 kwa mwaka. Kama nyumba haipo, aongeze kodi ya pango kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Pensheni itakayokufikia

Sheria ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF, kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa pensheni iliyoleta mjadala mkubwa, kilianza upya Julai 2022 kwa mifuko yote miwili, na namna yake ni hii: idadi ya miezi uliyochangia, gawanya kwa 580, zidisha kwa mshahara wa mwaka. Mshahara wa mwaka ni wastani wa miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho. Jibu ni pensheni kamili ya mwaka, ambayo hukatwa vipande viwili. Kipande kimoja huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa mara moja kama mkupuo, kingine hugawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi.

Mwaka 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33 kwa wote. Baadaye serikali iliupandisha hadi asilimia 40 kwa watumishi wa mifuko iliyokuwa ikilipa nusu, yaani PSPF na LAPF, na hadi asilimia 35 kwa wengine. Kumbuka kwamba mkupuo ukipanda, pensheni ya mwezi inashuka. Fedha ni ileile.

Mfanyakazi wetu alianza kuchangia akiwa na miaka 28. Kwenye karatasi ana miaka 32 hadi kustaafu, sawa na miezi 384. Lakini mikataba huisha, kampuni hufungwa, na kati ya kazi moja na nyingine hupita miezi bila mchango. Tuchukue miezi 300. Basi 300 gawanya kwa 580, mara 14,400,000, ni 7,448,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 65 ya kila mwezi anapata 403,000. Kwa asilimia 35 ya mkupuo, mara 12.5, anapata kama milioni 32.6.

Hapo tumedhani mshahara wake utapanda sambamba na bei za vitu. Ukikaa miaka mingi bila nyongeza, pensheni inapungua thamani kabla hata hujaanza kuipokea.

Kikokotoo hiki kinakuonyesha pia bei ya mwezi mmoja uliopotea. Kwa mshahara huo, mwezi mmoja usiochangiwa unaondoa shilingi 1,345 kwenye pensheni ya kila mwezi hadi kufa, na karibu 108,600 kwenye mkupuo. Mwaka mzima ni zaidi ya 16,000 kila mwezi na milioni 1.3 za mkupuo. Kwa hiyo taarifa ya michango ni ya kusomwa kila robo mwaka, mwezi kwa mwezi, ukiilinganisha na karatasi zako za mshahara. Yanayoharibika ni haya: mwajiri anakata lakini hawasilishi, anawasilisha kwa mshahara mdogo kuliko unaolipwa, una namba mbili za uanachama kutoka kazi mbili na hazijaunganishwa, jina la kwenye kitambulisho cha NIDA halifanani na la kwenye barua ya ajira. Kila moja linarekebishika ukiwa kazini, wakati ofisi ya utumishi ipo na mhasibu anakumbuka. Miaka 20 baadaye kampuni huenda haipo.

Kuna kizingiti cha miezi 180. Aliyechangia pungufu ya hapo hapati pensheni ya kila mwezi, hulipwa mkupuo maalumu na biashara inaishia hapo. Mtu mwenye miezi 165 anayefikiria kuacha kazi anapaswa kujua kwamba miezi 15 inayobaki ndiyo yenye thamani kubwa kuliko yote katika ajira yake. Na anayetaka kuondoka kwa hiari akiwa na 55 badala ya 60, katika mfano wetu anapoteza miezi 60, yaani karibu 81,000 za kila mwezi, huku akijiongezea miaka mitano ya kula akiba.

Msomaji wa Kenya abadilishe hatua hii. NSSF ya huko, chini ya sheria ya 2013 iliyoanza kutekelezwa Februari 2023, inakata asilimia 6 kwa mfanyakazi na 6 kwa mwajiri hadi kikomo cha mshahara kinachopandishwa kila mwaka, na inachokulipa ni salio lako na faida yake. Hakuna mgawanyo kwa 580. Chukua salio unalotarajia na ulihesabu kama akiba yako mwenyewe katika hatua inayofuata. Kenya pia inaruhusu mchango wa pensheni hadi shilingi 30,000 za Kenya kwa mwezi kutolewa kwenye mapato kabla ya kodi, kiwango kilichopandishwa kutoka 20,000 mwishoni mwa 2024. Kwa anayekatwa kodi ya asilimia 30, hiyo ni nafuu ambayo hakuna uwekezaji halali unaoweza kumpa siku ya kwanza.

Pengo, na kosa la kulipima vibaya

Matumizi 750,000, pensheni 403,000. Pengo ni 347,000. Wengi huishia hapo, nao hukosea, kwa sababu matumizi yatapanda na bei wakati pensheni haipandi yenyewe. Nyongeza hutolewa pale mfuko unapoona una uwezo, na miaka inaweza kupita bila nyongeza. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 4 kwa mwaka, 403,000 ya mwaka wa kwanza itanunua vitu vya 184,000 baada ya miaka 20. Mzee wa miaka 80, ambaye ndiye anayehitaji dawa na msaidizi kuliko yule wa 60, atakuwa anaishi kwa chini ya nusu ya thamani ya pensheni yake ya kwanza.

Asilimia 4 si kutia chumvi. Benki Kuu ya Tanzania inalenga mfumuko kati ya 3 na 5, na kwa miaka kadhaa sasa umekaa karibu na 3. Lakini Desemba 2011 ulikaribia asilimia 20. Katika miaka 25 ya kustaafu, mwaka mmoja au miwili ya namna hiyo inaweza kutokea.

Sasa, miaka mingapi? Watu husikia kwamba wastani wa kuishi Tanzania ni sitini na kitu na kuhitimisha kwamba ukistaafu 60 umebakiza michache. Wastani huo unahesabiwa tangu kuzaliwa, na ndani yake wamo watoto waliofariki wachanga. Aliyekwisha kufika 60 ana matarajio ya miaka mingine 15 hadi 20, na huo ni wastani: karibu nusu wataupita. Panga hadi 85 angalau. Kama kwenu wazee huishi sana, au mwenza wako ni mdogo kwako kwa miaka mingi, panga hadi 90. Na kabla ya kudhani kwamba mwenza ataendelea kupokea pensheni yako kama ilivyo, soma masharti ya mafao ya wategemezi, kwa kuwa si hivyo.

Kutoka pengo hadi mtaji

Mtaji unaohitajika hutegemea akiba yako itazalisha kiasi gani juu ya mfumuko wa bei wakati unaitumia. Tumechukua asilimia 3 juu ya mfumuko, kiwango cha tahadhari. Kwa kiwango hicho, shilingi moja ya matumizi ya mwaka, ikipanda na bei, inahitaji mtaji wa shilingi 14.9 kwa miaka 20, shilingi 17.4 kwa miaka 25, na 19.6 kwa miaka 30. Pensheni isiyopanda ina uzito mdogo zaidi: kila shilingi yake ya mwaka, mfumuko ukiwa asilimia 4, inahesabika kama 10.5, 11.5 na 12.3 kwa miaka hiyohiyo. Zitumie namba hizi mbili pamoja na hutahitaji hesabu nyingine.

Kwa mfanyakazi wetu, miaka 25:

Matumizi: 9,000,000 mara 17.4 ni milioni 156.6.
Pensheni: 4,836,000 mara 11.5 ni milioni 55.6.
Mkupuo, kama hautaguswa: milioni 32.6.
Kinachobaki kujazwa na akiba yake: milioni 68.4.

Maneno "kama hautaguswa" yana uzito mkubwa. Mkupuo ndio humalizia nyumba, humlipia mtoto chuo, hununua gari la biashara. Nusu yake ikiondoka, lengo linakuwa karibu milioni 85. Akipanga hadi 90 huku mkupuo ukibaki mzima, lengo ni milioni 84. Yote mawili yakitokea, linavuka milioni 100. Ndiyo maana lengo zuri ni masafa, si namba moja, na huyu aseme: kati ya milioni 68 na 100.

Wanaosoma habari za fedha kutoka Marekani watakuwa wamekutana na kanuni ya asilimia 4: weka mara 25 ya matumizi ya mwaka, tumia asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha pandisha kwa mfumuko. Msingi wake ni kazi ya mshauri wa fedha William Bengen mwaka 1994, aliyepima historia ya hisa na hatifungani (mikopo ambayo wawekezaji huipa serikali au kampuni kwa riba) za Marekani kwa vipindi vya miaka 30. Alikuwa anatafuta kiwango ambacho kingehimili hata kipindi kibaya kuliko vyote katika historia hiyo. Kwa soko lake na kwa mtu asiye na pensheni ni kanuni nzuri. Kuihamishia Dar es Salaam bila kubadili kitu ni kubahatisha, maana soko letu la hisa ni dogo, historia yake ni fupi, na akiba ya wengi iko kwenye hatifungani na viwanja. Ukiitumia, itumie kwa pengo tu, si kwa matumizi yote, vinginevyo utakuwa umeihesabu pensheni kama haipo.

Kutoka mtaji hadi mwezi

Wakati wa kujenga akiba tumechukua asilimia 4 juu ya mfumuko. Gawanya lengo kwa namba ya miaka uliyobakiza: 685 kwa miaka 30, 509 kwa miaka 25, 364 kwa miaka 20, 245 kwa 15, 147 kwa 10, 66 kwa 5.

Milioni 68.4 gawanya kwa 509 ni kama 134,000 kwa mwezi. Ni karibu asilimia 14.5 ya anachopokea mkononi. Akianza akiwa na 45, lengo lilelile linadai 279,000. Akianza na 50 linadai 465,000, nusu ya anachopokea mkononi, jambo ambalo halitatokea. Faida ya asilimia 4 ikiwa 2, aliyebakiza miaka 25 atahitaji 176,000 badala ya 134,000. Linganisha namba hizo: kuchelewa miaka kumi kunagharimu zaidi kuliko kuchagua uwekezaji wa wastani. Anayesubiri apate uwekezaji bora ndipo aanze anapoteza kikubwa akitafuta kidogo.

Hiyo 134,000 ni ya thamani ya leo, maana yake mwaka ujao, bei zikipanda asilimia 4, iwe 139,000, na hivyo kila mwaka. Hili husahaulika kuliko lolote. Ukiagiza benki ikate 134,000 kila mwezi na usiiguse kwa miaka 25, utakuwa na vitu vya milioni 47, si 68. Karibu theluthi ya lengo imepotea bila kukosa hata mwezi mmoja. Agizo la kudumu la benki lipandishwe kila Julai, au kila mwezi nyongeza ya mshahara inapoingia.

Kwa asiye na mwajiri, yaani fundi, mama lishe, dereva wa bodaboda, mkulima, hatua ya pensheni ni sifuri isipokuwa amejiandikisha mwenyewe NSSF, ambayo hupokea waliojiajiri. Tuseme anahitaji 400,000 kwa mwezi uzeeni. Milioni 4.8 mara 17.4 ni milioni 83.5. Kwa miaka 25 ni 164,000 kwa mwezi, au takriban 5,500 kwa siku. Mkulima wa korosho asijilazimishe kuweka kila mwezi, aweke kama milioni 2 baada ya mauzo ya msimu, kabla fedha hazijazoeleka nyumbani. Watoto watasaidia, inshallah, lakini kwenye karatasi waandikwe sifuri. Nao watakuwa na ada zao za kulipa.

Kama namba inayotoka haiwezekani, na kwa wenye miaka 45 na kuendelea mara nyingi haiwezekani, kuna vitu vinne vya kusogeza: kufanya kazi miaka miwili au mitatu zaidi, hata kwa kipato kidogo, kupunguza matumizi ya uzeeni kwa kuhamia kwenye mji wa gharama ndogo, kuulinda mkupuo, na kuweka zaidi. Cha kwanza kina nguvu kuliko vyote, kwa sababu kinapunguza miaka ya kula na kuongeza ya kuweka kwa wakati mmoja. Weka nusu ya namba hiyo kama ndiyo unayoiweza. Nusu ya pengo lililojazwa ni tofauti kati ya kununua dawa na kukopa dawa.

Akiba ikae wapi

Asilimia 4 juu ya mfumuko haipatikani kwenye akaunti ya kawaida ya akiba, ambako riba hata haifikii mfumuko. Hatifungani za serikali za miaka mingi, 15 hadi 25, ndizo zilizobeba mzigo huu kwa Watanzania wengi. Kima cha chini ni milioni moja kupitia benki au wakala, na riba hulipwa kila miezi sita. Hatari zake ni mbili. Kwanza, riba unayopokea ukiila, mtaji hausogei na mfumuko unauguguna, kwa hiyo kabla ya kustaafu kila riba irudi kununua tena. Pili, viwango hubadilika: hatifungani ya miaka 25 ilitoka mwaka 2021 na riba ya karibu asilimia 16, mwaka uliofuata toleo jipya likashuka hadi 12 na nusu. Hesabu yako isitegemee kiwango kizuri cha mwaka mmoja kudumu miaka 25.

Mwenye 134,000 kwa mwezi hana milioni moja ya kununua hatifungani kila mara, na hapo mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS inafaa: unanunua vipande kwa kiasi kidogo, mfuko ndio unanunua hatifungani na hisa. SACCOS nzuri hutoa gawio zuri, lakini akiba ya huko mara nyingi ndiyo dhamana ya mkopo wako, hivyo isihesabiwe mara mbili.

Nyumba za kupangisha ndizo pensheni ya wengi, na kodi ya pango hupanda na bei, faida kubwa isiyopatikana kwenye hatifungani. Ila piga hesabu kamili. Nyumba iliyogharimu milioni 40 na kupangishwa 250,000 kwa mwezi haileti milioni 3 kwa mwaka. Toa miezi miwili ya kukaa bila mpangaji, kodi ya zuio ya serikali, asilimia 10 ya pango, na kama 300,000 za marekebisho, unabaki na 1,950,000, chini kidogo ya asilimia 5. Si vibaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba siku hospitali inadai milioni mbili, huwezi kuuza chumba kimoja. Mwenye nyumba za kupangisha anahitaji pia fedha inayotoka haraka, matumizi ya miezi sita hadi kumi na miwili.

Anayeahidi kuzidisha fedha zako ndani ya wiki au miezi hana biashara, analipa wa mwanzo kwa fedha za waliofuata. DECI, mchezo wa upatu wa aina hiyo, ilikufa hivyo mwaka 2009 ikiwa na akiba za watu ambao wengi hawakuwa na nyingine. Mkupuo wa mstaafu ndio windo la kwanza la watu hawa, na huja wakiwa wamevaa sura ya jamaa au muumini mwenzako.

Ndiyo maana mpango wa mkupuo uandikwe miaka miwili kabla ya kustaafu, ukijadiliwa na mwenza. Miezi kumi na miwili ya matumizi iende kwanza mahali panapotoka ndani ya siku chache, kwa sababu pensheni ya kwanza inaweza kuchelewa wakati nyaraka zinahakikiwa. Fungu la chuo cha mtoto liende mahali pake. Kinachobaki kigawanywe kwa hatifungani za miaka tofauti, ili kila baada ya miaka michache moja iive na kulipa mtaji. Biashara mpya, kama ipo, ipewe kiasi ambacho kikipotea chote, zile 750,000 za kila mwezi hazitikisiki.